Nyumba imevunjwa: namna ya kutunza ushahidi mpaka mpelelezi afike, na baada ya hapo

Tuchukue nyumba ya vyumba sita pale Ngamiani, kwenye barabara yoyote kati ya zile zenye namba. Baba mwenye nyumba anaamka alfajiri aende msikitini, anakuta mlango wa uani uko wazi, kufuli limekatwa, na televisheni ya ukumbini haipo. Baada ya muda mfupi nyumba imejaa. Jirani wa kulia kaja kutoa pole, wa kushoto kaja kuona, vijana wa bodaboda wamepanda ukutani kuonyeshana mwizi alikopitia. Kitasa kimeshikwa na mtaa mzima. Askari anaingia saa tatu asubuhi, chai inanywewa juu ya meza ileile ambayo mwizi aliiegemea.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga, kazi yangu nyingi ni kuwafuatilia watu majalada yao. Tunapenda kulaumu kituo, na mara nyingine kituo kinastahili. Lakini mashauri mengi niliyoyaona yakidhoofika yalianza kudhoofika nyumbani kwa mlalamikaji mwenyewe, kabla jalada halijafunguliwa.

Hatua ya 1: Watu kwanza

Usiingie chumba chenye giza kumtafuta mwizi. Piga 112, namba ya dharura ya polisi, kisha mpigie mwenyekiti wa mtaa. Yeye aghalabu anazo namba za mkuu wa kituo na za polisi kata. Aliyeumia apelekwe hospitali moja kwa moja, na mtu mwingine aende kituoni kufuata PF3, fomu ya polisi ya kumpatia majeruhi matibabu. Anayevuja damu hasubirishwi fomu. Nguo alizovaa zisifuliwe.

Mwizi akikamatwa na majirani, mtoeni mikononi mwa watu wenye hasira. Akiuawa hatasema mali iko wapi wala nani aliyemtuma, na shauri la wizi linageuka la mauaji, washtakiwa wakiwa ni ninyi. Maneno aliyoyatoa huku anapigwa nayo hayafai kitu mahakamani, kwa sababu sheria ya ushahidi inataka maungamo ya hiari.

Hatua ya 2: Ufagio uwekwe chini

Hapa ndipo penye kazi, maana mwenye nyumba anashindana na adabu. Kwetu mgeni hapokewi kwenye uchafu.

"Bibi, tafadhali, uache kwanza huo ufagio."

"Mjukuu wangu, watu wanakuja, watakuta vioo vimetapakaa hivi?"

"Wakute, Bibi. Wakae barazani. Askari akishamaliza nitafagia mwenyewe."

Mazungumzo kama hayo yana thamani kuliko kamera yoyote. Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alijenga kazi yake juu ya wazo moja: vitu viwili vikigusana, kila kimoja huachia kingine kitu. Mwizi ameacha jasho kwenye kioo, uzi wa shati kwenye msumari, tope la kandambili kwenye sakafu. Na yeye ameondoka na vumbi la chokaa ya ukuta wako. Kila anayeingia baada yake anaongeza vyake juu ya vile, na kuondoka na vingine.

Kwa hiyo toa watu wote ndani, watoto na wazee pia. Chagua njia moja ya kupita, iwe ile ambayo mwizi hakuitumia: kama aliingia kwa uani, ninyi tumieni mlango wa mbele. Kamba ya katani au kanga iliyofungwa mlangoni inatosha kuwa mpaka. Mweke mtu mmoja mlangoni, ikiwezekana mjumbe au mzee ambaye watu wanamheshimu, maana kijana hatamzuia shangazi yake. Sinki lisitumike, maji ya chooni yasimwagwe, swichi zisibonyezwe ovyo. Na kikombe au kipande cha sigara usichokitambua kisiokotwe.

Halafu kuna halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi asiyejulikana, jambo lisiloepukika mji huu. Anayetaka kusoma asome, lakini wasomaji wasiketishwe kwenye chumba kilichovunjwa kabla askari hajamaliza kazi. Jina lililotoka kwa mganga nalo lisiingie kwenye maelezo yako polisi. Halina namna ya kuthibitishwa, na huyo jirani uliyemtaja anaweza kukushtaki kwa kumchafulia jina.

Hatua ya 3: Daftari, na saa

Chukua daftari la mtoto wa shule uandike wakati ungali unakumbuka. Nani aligundua, saa ngapi, aliona nini kwanza, aligusa nini. Mlango ulikuwa wazi au umerudishiwa? Taa ilikuwa inawaka? Mbwa wa jirani alibweka? Waandike wote walioingia ndani kabla hujafunga njia, maana alama zao za vidole zitaonekana na itabidi zitenganishwe na za mgeni.

Kwenye saa kuwa mwangalifu. Simu inaonyesha 02:00, nasi tunasema saa nane usiku. Ukimwambia askari "saa mbili usiku" kwa kuwa umesoma 2 kwenye simu, umelipeleka tukio wakati ambao watu bado wako mezani wanakula, na wakili wa utetezi atakuuliza ilikuwaje nyumba ivunjwe wenyewe wamo sebuleni hawakusikia. Andika "saa nane kasoro usiku, kabla ya adhana ya alfajiri", au andika zote mbili. Kuna sababu nyingine: sheria inaliona kosa la kuvunja nyumba usiku kuwa zito kuliko lilelile likifanyika mchana.

Hatua ya 4: Picha

Piga picha kabla kitu chochote hakijasogezwa. Anza mbali: nyumba nzima kutoka barabarani, kisha ua, kisha mlango, kisha kufuli. Mtazamaji aweze kutembea kwa macho kutoka nje mpaka ndani bila kupotea. Picha ya karibu pekee yake haisemi kufuli hilo lilikuwa mlango gani.

Kitu kidogo kipigwe mara mbili: mara ya kwanza kilivyo, mara ya pili ukiweka rula au futi ya fundi cherehani pembeni yake. Simu iwe juu yake wima, isilale pembe. Kwa alama ya unyayo fanya jambo moja zaidi: laza tochi chini ardhini ili mwanga upite ubavuni mwa alama, upige, kisha uhamishe tochi upande wa pili upige tena. Mwanga wa kutoka juu unaifanya alama kuwa bapa; wa ubavuni unaonyesha mistari ya soli na ile sehemu ya kisigino iliyolika. Kandambili mbili za duka moja zinafanana siku ya kununuliwa. Baada ya miezi kadhaa miguuni, kila moja imelika kwa mwendo wa mwenyewe.

Picha zikae kwenye simu iliyozipiga. Ukizituma kwenye kundi la WhatsApp zinabanwa na kupungua ubora, na taarifa za lini na wapi zilipigwa hupotea. Jirani au duka lenye kamera za ulinzi liombwe mapema, maana mashine nyingi hurekodi juu ya rekodi za zamani bila kumuuliza mtu. Rekodi hiyo isipitie mikono mingi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaikubali kama ushahidi, ila mahakama itataka kujua ilitunzwaje na kama mfumo ulioihifadhi ulikuwa wa kuaminika.

Hatua ya 5: Vile visivyosubiri

Kanuni ni kutogusa. Lakini mvua ya Tanga haingoji mpelelezi, na nyumba zetu nyingi uani hazina paa. Unyayo uliobaki kwenye tope karibu na bomba ufunike kwa beseni au sufuria pana iliyopinduliwa, uweke jiwe juu. Askari akifika anaweza kuumwagia jasi na kuinua umbo lake likiwa zima.

Kufuli lililokatwa liache pale lilipoangukia. Mkasi wa kukatia nondo, tindo na mtaimbo huacha mikwaruzo yake kwenye chuma na mbao, na mtaimbo nao huondoka na chembe za rangi ya mlango. Kuna kosa linalofanywa na watu werevu hasa: wakiokota mtaimbo uani, wanaujaribisha kwenye alama ya fremu waone kama unaingia. Hapohapo mmeharibu vyote viwili, maana mmeweka mikwaruzo mipya na mmepaka mtaimbo rangi ya mlango ninyi wenyewe.

Alama za vidole zinakaa vizuri kwenye kioo, vigae, chuma laini na mbao iliyopigwa vanishi. Ukuta wa matumbawe na chokaa, ule wa nyumba za zamani, hauna la kutoa. Usihangaike kuulinda ukaacha kioo cha dirisha. Vipande vya kioo vilivyong'olewa na kupangwa pembeni ndivyo vya thamani, kwa kuwa mwizi alivishika kwa vidole vyote. Mwaka 1892 huko Argentina, alama ya kidole chenye damu kwenye mbao ya mlango ilimtia hatiani mama aliyewaua wanawe na kumsingizia mtu mwingine. Mpelelezi hakuwa na vifaa vya kuinua alama, basi akakata kile kipande cha mbao akaenda nacho.

Damu inataka uangalifu wa pekee kwa hali ya hewa ya pwani. Kitambaa chenye damu mbichi kikifungwa kwenye plastiki hutoka jasho, hupata ukungu, na vinasaba vinaoza pamoja nacho. Kama ni lazima kukiondoa, kwa mfano maji yanaingia ndani, vaa glavu, kianikwe kivulini mpaka kikauke, kisha kitiwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Juani hapana, kwani jua nalo linaharibu vinasaba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vile vifungashio vyepesi vya sokoni bado vimejaa majumbani, na ndivyo mkono unavyokimbilia. Kila kitu kiwe na bahasha yake. Viwili visikae pamoja hata kama vimetoka chumba kimoja.

Hatua ya 6: Kituoni

Ukifika, iwe Chumbageni au kituo kidogo cha kata, shida yako itaandikwa na utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Inakili kwenye daftari lako siku hiyohiyo. Uliza jina la mpelelezi atakayepewa jalada. Huko nyumbani mpelelezi atachora ramani ya eneo la tukio; mwonyeshe kila kitu kilipokuwa, na umwambie bila haya kilichosogezwa na nani. Shangazi akiwa ameshika kitasa, sema. Askari hakasiriki kwa hilo, anakasirika akiligundua baadaye.

Maelezo yako ndiyo mhimili wa shauri. Yakishaandikwa yasome, au usomewe, kabla hujaweka saini. Kama umeandikiwa "nilimtambua" nawe ulisema "nilimfananisha", yarekebishwe hapohapo. Utakapopanda kizimbani miezi mingi baadaye, wakili atayashika mkononi ayalinganishe na kila neno unalotamka.

Na kama unamfahamu aliyefanya, mtaje siku ya kwanza. Watu wengi huogopa, au wanataka kwanza kuongea na wazazi wa kijana. Naelewa, tunaishi pamoja. Lakini Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri la Marwa Wangiti Mwita kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema kadiri inavyowezekana ni alama kubwa ya kuaminika kwake. Jina linaloibuka wiki mbili baadaye linaanza safari likiwa na kilema.

Hatua ya 7: Kuitambua mali, kumtambua mtu

"Televisheni yangu nyeusi, bapa" haitambulishi kitu. Zimo maelfu mjini. Mahakama inataka alama ya pekee: namba ya mashine iliyoko mgongoni, ufa kwenye kona ya chini, stika ya mtoto, herufi ulizochora kwa msumari chini ya jiko la gesi. Baiskeli, ambazo mji wetu unazo nyingi, zina namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya pedeli. Isome leo, kabla haijaibwa. Simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15, unaipata kwa kubonyeza *#06#. Iandike mahali pengine nje ya simu hiyo. Simu ikishaibwa, wapigie mtandao wako wafunge laini na akaunti ya pesa kabla hujafanya lolote jingine.

Alama hizo zitajwe kwenye maelezo kabla mali haijapatikana. Ukizitaja baada ya kuonyeshwa kituoni, utetezi utasema umezisoma pale mezani. Zikitajwa mapema, zinafungua mlango wa kanuni yenye nguvu sana: mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa siku si nyingi anapaswa kueleza ameipataje, na akishindwa, mahakama inaweza kuhitimisha kuwa yeye ndiye mwizi au mpokeaji.

Kumtambua mtu ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilitoa maswali ambayo mpaka leo yanaulizwa: ulimwona kwa muda gani, ukiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulikuwa unamfahamu kabla? "Kulikuwa na mwanga" halijibu. Sema ni taa gani, ilikuwa wapi, inawaka kwa nguvu kiasi gani, na hatua ngapi kati yako na yeye. Kama hukumfahamu, polisi huenda wakaandaa gwaride la utambuzi, yaani mtuhumiwa apangwe mstarini na wengine nawe umchague, na hapo lile kundi la WhatsApp la mtaa ndilo adui. Picha ya kijana ikishazungushwa na maneno "mwizi huyu hapa", utambuzi wako kwenye gwaride hauna uzito tena, kwa kuwa umemtambua wa kwenye picha.

Hatua ya 8: Karatasi

Polisi wakienda kupekua kwa mtuhumiwa, kwa kawaida wanahitaji hati ya upekuzi, isipokuwa hali ya dharura. Kinachochukuliwa kiandikwe kwenye hati ya ukamataji mali, isainiwe na mwenye nyumba na shahidi huru. Wewe mlalamikaji si shahidi huru; mwenyekiti wa mtaa au mjumbe ndiye afaaye. Ukiitwa kushuhudia, soma orodha, hesabu vitu, ndipo usaini.

Kuanzia hapo kila mkono unaokipokea kielelezo unapaswa kuacha maandishi: aliyekikamata, mtunza vielelezo, aliyekisafirisha, aliyekichunguza, aliyekirudisha. Mahakama ya Rufani ililieleza hilo kwa kirefu katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007. Mahakama zimelegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishika kirahisi, kama pikipiki yenye namba zake. Kwa unga unaodhaniwa ni dawa za kulevya, au damu kwenye kitambaa, pengo moja kwenye karatasi linaweza kulizamisha shauri zima.

Maabara inafanya nini

Watu hudhani sampuli inaingia mashine na jina linatoka. Damu, mbegu za kiume, sumu na dawa za kulevya hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Alama za vidole, maandishi ya mkono, nyaraka za kughushi na risasi zina wataalamu wao ndani ya Jeshi la Polisi. Wote hawa wanalinganisha. Bila kitu cha pili cha kulinganisha nacho, alama safi ya kidole ni picha tu. Vinasaba vikioana vinaonyesha nani aliacha damu, havionyeshi lini wala kwa nini, na mapacha wa kufanana hawatenganishwi na kipimo cha kawaida. Ndiyo maana fundi aliyekutengenezea dirisha mwezi uliopita, ambaye huenda aliacha alama zake, atajwe mapema.

Likiwa ni shambulio la kingono

Hapa hatua zinabadilika, na wakati unabana. Aliyefanyiwa asioge, asifue, na ikiwezekana asibadilishe nguo. Akishabadilisha, zote ziende kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na nguo ya ndani. Aende hospitali upesi iwezekanavyo, kwa Tanga mjini Bombo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba zinafanya kazi vizuri zaidi zikiwahi. Hata kama ameshaoga, aende. Majeraha hayaogeki, na matibabu ni haki yake kabla ya ushahidi. Dawati la jinsia na watoto kituoni lipo kwa ajili ya maelezo kama haya, yasikike faragha, si kaunta mbele ya foleni. Familia iliyokaa kikao na kupokea fidia kupitia mshenga imemwacha mtoto wake bila shauri na bila dawa.

Kurudishiwa mali

Televisheni ikipatikana, usitegemee kuibeba jioni ileile. Ni kielelezo, na itakaa mpaka mahakama iione. Kwa mali inayooza au inayohitajika kwa riziki, kama mashine ya kushonea au ng'ombe wa maziwa, mwombe mpelelezi ifikishwe mahakamani ombi la kuipiga picha na kukukabidhi mapema. Usiichukue kwa makubaliano ya mdomo uani kituoni. Shauri likiisha, omba amri ya kurudishiwa siku ya hukumu, ukiwa bado mbele ya hakimu. Siku ya kukabidhiwa nenda na daftari, soma namba ya mashine mwenyewe ulinganishe na hati ya ukamataji, kisha ndipo uweke saini ya kupokea.